Uzoefu wangu CERN, Geneva: nendeni mkaone mashine kuukuu

Ukiwa Geneva kwa mkutano na ukabakiwa na mchana usio na kazi, panda tramu namba 18 pale stesheni ya Cornavin, ushuke mwisho wa reli, ndipo ilipo CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ya chembe. Kiingilio ni bure. Hata nauli hulipi kama umefikia hotelini, kwani wageni wa hoteli hupewa kadi ya usafiri. Kwa mji ambao kikombe cha chai kinakutoa jasho, hilo si dogo.

Wengi huenda na hamu ya kuiona LHC, mashine kubwa ya kugonganisha chembe, ile pete ya kilomita 27 iliyo kama mita 100 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Jueni mapema: ikiwa kazini, hakuna mgeni anayeshuka. Lakini ningeambiwa nirudie kitu kimoja tu, ningeirudia sinkrosaiklotroni.

Hii ndiyo mashine ya kwanza ya CERN kuongeza kasi ya chembe. Ilianza kazi 1957, miaka mitatu baada ya nchi 12 za Ulaya kukianzisha kituo, wakati wanafizikia wao wengi walikuwa wakihamia Marekani. Unaingizwa ukumbini, taa zinafifia, kisha filamu inamulikwa juu ya mwili wa mashine yenyewe, unaona protoni zilivyokuwa zikizungushwa ndani ya ile sumaku ya tani 2,500. Mwaka 1958 ilionyesha kwamba payoni, chembe ndogo kuliko atomu, huweza kuoza ikatoa elektroni na nyutrino, jambo ambalo watafiti walikuwa wamelisaka bila mafanikio. Ilistaafishwa 1990.

Mdogo wake, mashine ya protoni iitwayo PS, ya mwaka 1959, hajastaafu hadi leo. Protoni zinazokwenda LHC hupitia humo kwanza, kisha mashine kubwa zaidi, SPS ya 1976, ile iliyozaa ugunduzi wa chembe za W na Z, zinazobeba nguvu hafifu ya nyuklia, mwaka 1983, ndipo zinaingia kwenye pete kubwa. Ni kama boma ambalo babu bado ndiye anayeamka wa kwanza kuwasha moto. Hata handaki la LHC ni la kurithi, lilichimbwa kwa ajili ya LEP, mashine iliyoitangulia na iliyozimwa mwaka 2000.

Waongozaji ni watu wa CERN wanaojitolea, na wetu hakuficha kitu. Alitusimulia jinsi LHC ilivyowashwa kwa shangwe tarehe 10 Septemba 2008, na siku tisa baadaye hitilafu ya umeme ikapasua mfumo wa kupoozea, heliamu ikamwagika, matengenezo yakavuka mwaka. Julai 2012 ndipo wakatangaza kugundua bosoni ya Higgs, chembe inayohusiana na jinsi chembe nyingine zinavyopata masi. Aliyekuja kwa ajili ya intaneti naye ana lake: wavuti ulibuniwa hapahapa na Tim Berners-Lee mwaka 1989.

Mwenye watoto asiikose Science Gateway, kituo cha maonyesho katika jengo la msanifu Renzo Piano lililofunguliwa 2023, wanaruhusiwa kugusa na kuchezea karibu kila kitu. Jumatatu hufungwa. Matembezi huongozwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na nafasi za watu binafsi hutolewa siku hiyohiyo, palepale mapokezi, nazo huisha haraka. Fikeni asubuhi, andikisheni majina kwanza, maonyesho mtayazunguka mkisubiri zamu yenu. Nyota tano kutoka kwangu.