Uzoefu wangu: duka la dawa la familia moja pale Rwamagasa

Ukikaa huku Geita unajua maduka ya dawa yanavyofuata rashi, yaani watu wanapokimbilia dhahabu mpya. Dhahabu ikitoka mahali, kesho yake kuna maturubai, makarasha ya kusagia mawe, mama ntilie na mtu mwenye boksi la dawa. Dhahabu ikikata, anahama. Familia hii ilifika rashi ikiwa bado ya moto, ikaanza na kibanda cha mabati, na mpaka leo ipo. Sasa ni Duka la Dawa Muhimu, kibali kiko ukutani. Mama na binti yake wanahudumia, mzee anafuata mzigo mjini.

Ninachowapendea ni kwamba hawakuuzii dawa kwa sababu tu una hela. Nilienda na homa nikitaka sindano ya malaria. Mama akanijibu kwamba duka kama lake haliruhusiwi kumchoma mtu sindano, akauliza kama nimepima. Niliporudi na majibu ya zahanati alinipa ALu, dawa ya mseto ya malaria, vidonge vyote 24, akaandika kwa kalamu juu ya boksi: vinne sasa, vinne yakipita masaa 8, halafu vinne asubuhi na vinne jioni siku mbili. "Umekula, baba? Hii haitaki tumbo tupu." Vinne vya kwanza nilivimeza palepale, mbele yake.

Kuna duka nililokuwa natumia zamani, ukiwa na elfu moja unakatiwa vidonge vya elfu moja, hata antibayotiki. Ndivyo vijidudu vinavyokuwa sugu, na ni ukatili kumfanyia hivyo mgonjwa.

Mwenzangu wa duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, alikuwa mteja wao wa sirapu ya kikohozi. Siku moja binti akagoma kumuuzia: "Kaka, kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kapime makohozi." Sisi tunavuta vumbi la mawe kutwa, linaharibu mapafu, na kifua kikuu kinapata pa kuingilia. Alikutwa nacho. Dawa zake hospitali ni bure, akanywa miezi 6, na sasa yuko kazini.

Wajawazito nao huulizwa kama nyumbani kwao zebaki ya kukamatia dhahabu inachomwa, na huambiwa wazi kwamba moshi wake unamdhuru mtoto tumboni. Sijaona duka lingine hapa likijali hilo.

Kasoro ni foleni ya jioni watu wakitoka mashimoni. Na kukopa hakuna, hata kama mawe yako yapo karashani yanasagwa. Nenda mchana, na daftari la zahanati usiliache nyumbani.