Projekta yangu ya Full HD: vidoti vyeupe si vumbi

Vidoti vyeupe vinavyotokea kwenye picha ya projekta ya DLP, yaani ile inayotengeneza picha kwa chipu ya vioo vidogo, si vumbi. Nalisema hili kabla ya jingine lolote kwa sababu kuna duka moja Kariakoo wamenibishia mbele ya wateja, na naamini wapo wengi walioambiwa hivyohivyo wakarudi nyumbani kusugua lenzi mpaka wakaikwaruza.

Projekta yenyewe niliinunua mpya, ya Full HD ya kweli, si zile zenye "1080p" kubwa kwenye boksi kumbe picha inayotoka ni ya mistari 480, na hiyo 1080 ni uwezo wa kupokea tu. Hilo nilihakikisha kabla ya kulipa. Sifa nyingine mtazisoma wenyewe kwenye boksi, mimi naeleza nilichokiona sebuleni kwangu.

Na mwanzoni nilichokiona kilinifurahisha mno. Tulipaka ukuta mmoja rangi nyeupe isiyong'aa, tukazima taa, tukafungulia mechi ya Simba na Yanga. Majani ya uwanja wa Mkapa unayaona, namba za mgongoni unazisoma ukiwa umesimama mlangoni mwa jikoni. Majirani walikuja, watoto wakakaa chini kwenye mkeka, nikajiona nimepata. Wifi yangu peke yake ndiye aliyelalamika kwamba akigeuza macho haraka anaona nyekundu, kijani na bluu zinapita. Ndivyo zilivyo DLP nyingi za chipu moja: rangi zinarushwa moja baada ya nyingine kwa kasi, na kuna macho yanayozidaka. Yangu hayadaki. Feni inasikika pale filamu inaponyamaza, basi.

Kisha kikatokea kidoti. Kimoja tu, juu upande wa kulia, cheupe, kikali, hakihami. Nikabadilisha chaneli, kipo. Nikachomoa king'amuzi, ikabaki ile bluu ya "hakuna mawimbi", kipo. Haukupita muda vikawa vingi. Sasa mtu akitokea amevaa koti jeusi, vinaonekana kama punje za chumvi zilizomwagikia nguo. Filamu ya matukio ya usiku ndiyo haitazamiki kabisa, maana macho hayaendi tena kwa mwigizaji, yanakwenda kwenye vidoti.

Chanzo chake kinajulikana. Moyo wa DLP ni chipu yenye vioo vidogo sana, ile aliyoibuni Larry Hornbeck huko Marekani mwaka 1987. Kwenye chipu ya Full HD kamili vioo hivyo ni zaidi ya milioni mbili, kila pikseli na kioo chake. Kioo kinainama huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Kikilala upande mmoja kinapeleka mwanga kwenye lenzi, kikilala wa pili mwanga unatupwa pembeni na pale panakuwa peusi. Kioo kikikwama upande wa lenzi, sehemu hiyo inawaka muda wote hata picha ikiwa nyeusi tii. Vumbi likiingia kwenye njia ya mwanga linatoa doa lenye ukungu, kingo zake hazishikiki. Vidoti vyangu ukizungusha fokasi vinafuata picha: picha ikiwa kali navyo ni vikali, ikififia navyo vinafifia. Mtu anayeuza projekta kila siku hawezi kusema hajui hili.

Nikaifunga kwenye boksi lake, na risiti ya EFD, na kadi ya waranti, nikaenda. Kijana wa kaunta hakuiwasha. Aliinama, akapuliza lenzi kwa mdomo, akasema, "Vumbi hilo, dada. Nyumbani mnafagia huku mmeiacha wazi." Nikamwomba aichomeke tu kwenye umeme aone, soketi ipo pale pembeni yake. Akanijibu, "Dada, haya ni mambo ya kiufundi. Mwambie shemeji aje tuongee."

Shemeji! Fedha niliyolipa ni yangu, na jina lililoandikwa kwenye kadi ile ni langu. Mwenye duka alikuwa amekaa nyuma, anasikia kila neno, hakuinua hata macho kwenye simu yake. Siku ile ya kununua yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea kiti na maji baridi.

Nilitoka pale nikiwa na nia ya kumwambia kila mtu aachane na projekta, anunue televisheni. Lakini nikisema hivyo nitaidhulumu mashine, kwa sababu picha ile ya mwanzo hakuna televisheni ya bei ile ingenipa. Mwenye sebule inayoingia giza na anayetaka picha ya ukuta mzima, namwambia anunue. Ila akiwa dukani adai kuonyeshwa picha nyeusi tupu, taa zikiwa zimezimwa, na wakikataa atoke. Hapana, hata hilo halitoshi, yangu ilipita salama siku ya kununua. Ukweli ni kwamba unanunua mtu atakayekupokea siku kitu kikiharibika, na pale sikupokewa. Kwa hiyo kwa sasa nasema msinunue, angalau si kwa watu wa namna ile.

Fundi mmoja anayehudumia projekta za kumbi alikuja kuiangalia ikiwa inawaka, na hakuhitaji hata bisibisi kunijibu: chipu imeanza kufa, vidoti vitaongezeka, dawa ni kuibadilisha. Anaweza kuiagiza na kuifunga yeye. Lakini akiifungua ataikata lakiri iliyo kwenye skrubu, na wale wa dukani watapata sababu ya kusema waranti imevunjika. Kwa hiyo haifunguliwi. Nimeshairekodi video gizani, picha nyeusi tupu, vidoti vyote vikionekana. Waranti haijaisha, na kadi yenyewe inasema wazi kwamba kasoro za kiwandani ni juu ya muuzaji. Wiki hii narudi mwenyewe, na nikijibiwa vumbi tena, malalamiko yangu nayapeleka kwa maandishi Tume ya Ushindani.