Mbolea ya chupa A na B kwa letusi na nyanya za ndani: mbolea ni nzuri, lebo ndiyo tatizo

Hii ni mbolea ya maji ya haidroponiki (kilimo cha kwenye maji bila udongo) inayouzwa kwa chupa mbili, A na B, na lebo yake inaelekeza mililita 5 za kila chupa kwa kila lita ya maji. Naitumia kwa letusi na nyanya ndogo zinazolimwa ndani, chini ya taa za LED, kwenye ndoo za lita 20 zenye pampu ya hewa. Ninaipa nyota nne. Virutubisho vyake vimekamilika, haiachi tope chini ya ndoo ikichanganywa sawasawa, na mizizi inabaki myeupe. Nyota ya tano imeondolewa na ile lebo.

Maji yangu matupu yana EC (uwezo wa maji kupitisha umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi ndani yake, kwa mS/cm) ya 0.3. Nikiweka dozi ya lebo, kipimo kinapanda hadi 2.4. Nyanya iliyoanza kubeba matunda inaimudu bila taabu. Letusi haiimudu, maana yenyewe inataka kati ya 1.2 na 1.8, ukizidisha, kingo za majani zinakauka rangi ya kahawia na ukuaji unadumaa. Miche ndiyo inayoumia zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: kila mililita moja ya A na moja ya B kwa lita inaongeza EC kwa takriban 0.4. Kwa hiyo miche naipa mililita 1.2 za kila chupa, letusi 2.6, nyanya changa 3.5, na ile 5 ya lebo naiachia nyanya yenye matunda peke yake. Kama maji yako ni ya kisima na tayari yana 0.7, namba hizi hazikufai. Pima maji matupu kwanza, halafu toa hesabu yako mwenyewe.

Watu wengi huuliza kwa nini isiwe chupa moja tu. A imebeba naitreti ya kalsiamu na madini ya chuma. B imebeba fosfeti, salfeti na magnesiamu. Kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfeti zikiwa nzito, zinashikana na kuwa chumvi isiyoyeyuka. Ukitaka kuliona kwa macho, tone B kidogo kwenye kikombe kilichobaki na A: ndani ya muda mfupi kinapauka kama maji ya chokaa, kisha unga mweupe unatuama chini. Unga huo ndio kalsiamu na fosforasi ulizonunua, na mizizi haiwezi tena kuzipata. Kuongeza maji baadaye hakuurudishi.

Utaratibu wangu ni huu. Naweka maji lita 18 kwenye ndoo. Napima A kwa bomba la sindano lake, namimina na kukoroga dakika moja nzima. Kisha B, kwa bomba lake lingine, nakoroga tena. Nasubiri dakika 15 pampu ikizungusha, ndipo napima EC, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) inakuja mwisho. Kurekebisha pH kabla ya mbolea ni kazi bure, kwa sababu mbolea yenyewe inaishusha.

pH naiweka 5.8. Ikitembea kati ya 5.5 na 6.3 siigusi. Kupanda kidogo kidogo ni kawaida, kwa sababu mmea unaokula naitreti kwa wingi hupandisha pH ya maji yake. Hapa kuna jambo ambalo lebo imelificha kwa herufi ndogo: chuma cha mbolea hii kimefungwa kwa EDTA (kemikali inayokishika kisigande), na kifungo hicho hulegea pH ikipita 6.5. Dalili yake ni majani machanga ya juu kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Ukiona njano ya namna hiyo kwenye majani ya zamani ya chini, fikiria magnesiamu. Kabla ya kuongeza chochote, pima pH. Mara nyingi chuma kimo ndani ya ndoo, ila mmea hauwezi kukichukua. Kushusha natumia asidi ya fosforiki iliyopunguzwa makali, mililita moja moja, glavu mkononi.

Baada ya hapo namba zinazonisaidia kuliko zote ni za kila asubuhi. Maji yakipungua na EC ikapanda, mmea unakunywa maji zaidi ya chakula, yaani umeuwekea mbolea nzito. Ongeza maji matupu. Maji yakipungua na EC ikashuka, mmea una njaa, ongeza mchanganyiko. Maji yakipungua na EC ikatulia palepale, umepatia. Hata hivyo EC haisemi ni chumvi ipi imebaki, kwa hiyo kila baada ya siku 10 hadi 14 namwaga yote na kuanza upya.

Nyanya kuoza kitako na letusi kuungua ncha za majani ya ndani ni upungufu wa kalsiamu, lakini kuongeza A mara nyingi hakutibu. Kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa na majani. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu na imesimama, haifiki kwenye tunda wala kwenye jani la katikati. Feni ndogo inayotikisa majani imefanya kazi kuliko chupa yoyote. EC iliyozidi nayo huzidisha tatizo, kwa kuwa mizizi inashindwa kuvuta maji.

Joto la maji lisipite nyuzi 22. Yakipita 25 oksijeni inapungua, mizizi inateleza na kunuka, na hakuna mbolea ya kuokoa hali hiyo. Ndoo iwe nyeusi au ifunikwe, mwanga usiingie, vinginevyo mwani utakula pamoja na mimea yako.

Kipimo cha bei ndogo kinatosha ukikitunza: EC kisahihishe kwa maji maalumu yenye EC ya 1.413, pH kwa 7.00 na 4.01. Ncha ya pH ihifadhiwe kwenye maji yake maalumu, si maji yaliyoondolewa madini, yanaiharibu. Na ukisoma ppm (sehemu kwa milioni, namna nyingine ya kuonyesha EC), angalia kama kifaa kinazidisha EC kwa 500 au 700, kwa sababu EC ya 2.0 ni 1000 kwa kimoja na 1400 kwa kingine.

Chupa zenyewe ni za plastiki angavu, na hilo ni kosa la kiwanda: mwanga huvunja kile kifungo cha chuma kwenye A. Zihifadhi kabatini, vifuniko visibadilishane.