Fimbo tatu za kukokotea Cessna 172 katika hewa ya chumvi ya Unguja

Ndege ninayoitunza ni Cessna 172 ya viti vinne, na mwaka mzima inalala nje katika uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, ule ambao watu wazima wa mjini bado wanauita Kisauni. Ikiwa tupu ina uzito wa kiasi cha kilo 750. Kila siku ya safari hutolewa maegeshoni, hugeuzwa, husogezwa penye mafuta, na jioni hurudishwa kinyumenyume mahali pake ikafungwa kamba. Kazi yote hiyo hufanywa kwa mikono na kwa kifaa kimoja ambacho rubani hakikumbuki mpaka siku kinapokosekana, nacho ni fimbo ya kukokotea. Katika muda wa miaka mitatu nimetumia fimbo tatu: ile iliyokuja na ndege, ya pili ya alumini iliyoagizwa nje, na ya tatu iliyochomelewa hapa hapa mjini. Ninaziandikia tathmini kwa sababu zile nilizozisoma kabla ya kununua ziliandikwa na watu ambao ndege zao zinalala ndani ya mabanda makavu, mbali na bahari, na hakuna hata moja iliyonitahadharisha na chumvi.

Kwa asiyewahi kuiona, fimbo hii ni bomba lenye mpini upande mmoja na uma upande wa pili. Ncha za uma huo zina pini mbili zinazoingia katika matundu yaliyo kulia na kushoto mwa ekseli ya gurudumu la mbele, na pini zikishika, mtu mmoja anaweza kulielekeza gurudumu huku wenzake wakisukuma kwenye nguzo za mbawa. Bila fimbo, watu hufanya mambo mawili ambayo sikubali yafanywe mbele yangu. Wengine huvuta kwa kushika propela, yaani rafadha kama wanavyosema mabaharia wetu, kana kwamba ni mpini uliowekwa kwa ajili hiyo. Wengine huukandamiza mkia ili pua inyanyuke, hali bawa dogo la mkia ni bati jembamba lisilotengenezwa kubebeshwa kifua cha mtu mzima.

Jambo la kwanza la kuangalia katika fimbo yoyote ni kama imetengenezwa kwa ajili ya gurudumu la ndege yako. Gurudumu la mbele la Cessna 172 limeunganishwa na pedali za rubani, na wakati wa kukokota halipaswi kugeuzwa zaidi ya nyuzi 30 kila upande, kwa kuwa likizidishwa hapo vinaanza kuumia viungo vya mguu wa ndege unaolishika gurudumu hilo. Cirrus SR22, ndege nyingine ndogo, ni habari nyingine kabisa: gurudumu lake la mbele halikuunganishwa na pedali, linazunguka lenyewe, na hukubali kugeuzwa hadi nyuzi 85. Aliyezoea kukokota Cirrus akipewa 172 ataikunja kama mkokoteni wa sokoni, na fimbo ndefu itamsaidia kuharibu, kwa sababu kadiri mpini unavyokuwa mrefu ndivyo mkono unavyopata nguvu nyingi zaidi ya ile ambayo mguu wa ndege umeandaliwa kuihimili. Kwa hiyo urefu unaosifiwa katika matangazo si sifa tupu.

Fimbo ya kiwandani ni fupi, nyepesi, na uma wake hubanwa na springi. Huingia katika sehemu ya mizigo bila ya kuvunjwavunjwa, na hilo ndilo linaloifanya iwe ya kuaminika safarini, maana ukitua Pemba, kwenye uwanja ulio karibu na Chake Chake, huna haja ya kumwomba mtu chombo chake. Mwenye kuibeba akumbuke kwamba uzito wake umo katika hesabu ya mizigo. Katika 172S, mojawapo ya matoleo ya ndege hii, sehemu ya mizigo iliyo karibu na viti hubeba hadi kilo 54 na ile ya nyuma kabisa kilo 22 na kitu, lakini zote mbili kwa pamoja haziruhusiwi kuzidi hizo 54. Nimewahi kumwona abiria akishangaa begi lake linabaki chini ilhali lile rungu la chuma linapanda.

Kasoro ya fimbo hiyo ni kwamba inakuinamisha. Mtu wa kimo changu huikokota akiwa amepinda mgongo, na kichwa chake kinakuwa karibu na propela kuliko inavyostahili. Kasoro ya pili haikuwa ya kiwanda bali ni ya hapa petu: rangi ilipoanza kubabuka kwenye maungio ya uma, kutu iliingia chini yake, na kufikia mwisho wa masika ya pili springi ilikuwa haina tena nguvu ya kuzirudisha pini ndani. Ikawa kila tukivuta lazima mtu abane uma kwa mguu. Tukaiweka pembeni.

Ndipo mwenye ndege akaagiza ile ya alumini, ya kurefushwa na kufupishwa kama mguu wa kamera, yenye vidude vya kubonyeza vinavyofunga kila daraja la urefu, na pini zinazoweza kusogezwa ili zikae kwenye ndege za aina mbalimbali. Lazima niseme kweli kwamba miezi minne ya mwanzo niliipenda. Ilikuwa nyepesi kama upondo wa mwanzi, ilinipa kusimama wima, na ikifupishwa hukaa nyuma ya viti bila ya kugusa kitu. Mtu akiniuliza wakati ule ningemwambia anunue mbili.

Kisha kusi ikaingia. Upepo huo ukitoka upande wa bahari hauleti mvuke tu, huleta chumvi inayokaa juu ya kila kitu kama unga, na bomba lililo ndani ya bomba ni mahali pazuri sana pa chumvi kujificha. Asubuhi moja nilibonyeza kidude ili nirefushe fimbo na kikagoma. Nilipokigonga kwa mpini wa bisibisi kikaingia ndani na hakikutoka tena. Nilipofanikiwa kulichomoa bomba la ndani nilikuta limeshikwa na unga mweupe, mgumu, uliojaa zaidi pale ambapo vidude vya chuma cha pua vinagusana na alumini. Fundi yeyote wa boti za pale Malindi ya mjini Unguja angenieleza kabla sijaagiza: ukiziweka metali hizo mbili pamoja katika maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini, na chuma cha pua kinabaki kinang'aa kana kwamba hakikuhusika. Mtengenezaji angeweza kuweka kikombe kidogo cha plastiki kati ya metali hizo na mambo yakawa tofauti, lakini hakuweka.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika lilikuwa zile pini za kusogezwa. Kitu kinachotoshea ndege zote hakikamati sawasawa hata moja, na uma huu ulikuwa unabanwa kwa boliti ya mkono ambayo hulegea yenyewe taratibu kila gurudumu linapopita kwenye kiungo cha sakafu. Alasiri moja tulikuwa tunairudisha ndege kinyumenyume, upepo unaipiga ubavuni, kijana aliyekuwa kwenye nguzo ya kushoto akapiga kelele, "Ami, imechomoka!" na kabla sijamjibu pua ilikuwa imeshageukia upepo, kama ndege nyepesi zinavyofanya, na mimi nimebaki na fimbo mkononi. Rubani aliyekuwa kitini akakanyaga breki. Hatukugonga kitu, ila ncha ya pini ilipotoka ilikwangua kifuniko cha gurudumu mstari wa urefu wa kidole. Tangu siku hiyo sikubali kukokota bila mtu kitini mwenye mguu kwenye breki, na ninadhani hata fimbo nzuri haimwondolei mtu sharti hilo.

Ya tatu ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea ambaye kazi yake ya kila siku ni mageti na madirisha. Nilimpelekea fimbo ya kiwandani awe na mfano, na vipimo nilivichukua mimi mwenyewe kwa kalipa, chombo cha kupimia upana na kipenyo: upana kutoka tundu hadi tundu, kipenyo cha tundu, na nafasi inayobaki kati ya uma na tairi lililojaa upepo. Kipimo hicho cha mwisho ndicho watu wanachokisahau, wakaishia kuwa na uma unaosugua mpira. Alitumia bomba la maji lililochovywa zinki. Nilimwomba aisugue zinki yote mahali pa kuchomelea kabla ya kuwasha mashine, kwa ajili ya kifua chake na kwa ajili ya uimara wa kiungo, naye akaniambia, "Bwana, mimi moshi huu nimeuzoea," lakini aliisugua.

Toleo lake la kwanza lilikuwa zuri kila mahali isipokuwa kwenye pini. Alizikata kutoka katika nondo ya kawaida, na nondo hiyo ilikuwa laini; baada ya wiki chache zilikuwa zimepinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikioni lakini mkono unakihisi, kwa kuwa kuziingiza tunduni kulihitaji kutikisa. Pini iliyopinda hulipanua tundu, na tundu ni mali ya ndege. Nilimrudishia. Tukatafuta kipande cha chuma cha pua cha daraja la 316, si lile la 304 linalotumika sana kwenye masinki ya jikoni. Tofauti yao ni kwamba 316 imechanganywa na metali iitwayo molibdeni, na hiyo ndiyo inayokisaidia chuma kustahimili chumvi; 304 hapa petu huanza kupata madoa ya rangi ya chai mapema sana. Akazikata upya, akazifungia kwa boliti badala ya kuzichomelea, ili siku zikilika zibadilishwe bila ya kuitupa fimbo.

Sasa nina mwaka na miezi kadhaa na fimbo hiyo. Ni nzito, haifai kusafiri nayo, na mpini wake una ukali kidogo upande wa ndani ambao nimeuzungushia mpira wa baiskeli. Lakini pini zinaingia kwa mlio mmoja mkavu na hazitoki mpaka utake. Fimbo ya kiwandani nayo tuliibadilisha springi tukaipaka rangi upya, na ndiyo inayopanda ndegeni kwa safari za Pemba.

Sijaijaribu, wala sitaijaribu, fimbo yoyote kati ya hizi nyuma ya trekta. Fimbo ya kuvutwa na gari ina kichwa chake maalumu na pini dhaifu iliyowekwa makusudi ikatike kabla ya mguu wa ndege kuvunjika, na aliyezoea kuona Cessna Caravan, zile ndege kubwa zaidi za abiria, zikivutwa pale uwanjani atafahamu kwamba hizo ni mashine za tani tatu na nusu na zaidi zikijazwa, zenye masharti yao, likiwemo la kufungua kufuli ya usukani wa mkia kabla ya kugeuza gurudumu. Vikokota vya betri nimeviona kwenye picha tu. Kwa mwenye ndege moja na vijana wawili wenye nguvu sioni haja yake.

Limebaki jambo moja ambalo halihusu chuma bali tabia, na kwangu lina uzito kuliko bei. Fimbo iliyosahauliwa kwenye gurudumu na injini ikawashwa hupigwa na propela, na propela ikishagonga, hata kama injini haikuzimika, Lycoming, mtengenezaji wa injini, katika waraka wake namba 533 inataka injini ichunguzwe kwa kufunguliwa. Hiyo ni gharama ambayo ingenunua fimbo za maisha mazima. Ndiyo maana ya alumini ilinipunguzia imani hata kabla ya kuharibika: ilikuwa na rangi ya fedha, rangi ile ile ya sakafu wakati wa jua kali, na nikiwa nimesimama hatua kumi sikuweza kujua kama ipo au haipo. Ya fundi nimeipaka nyekundu kuanzia mpini mpaka uma, nikaifunga kitambaa chekundu kirefu, na kanuni yetu ni kwamba mkono ukiacha mpini, fimbo imeshatoka tunduni. Hatuiachi chini hata kwa dakika ya kwenda kuchukua maji.

Kila Ijumaa kabla ya sala huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hufutwa, pini hupakwa grisi kidogo, na hutundikwa ndani ya stoo badala ya kuegemezwa ukutani ambako unyevu hupanda kutoka sakafuni. Ile ya alumini ipo hapo hapo kwenye msumari wa pembeni. Wiki iliyopita rubani mmoja aliyetoka Pemba aliiona akaniomba nimuuzie, nikamwambia, sheikh, niletee kwanza upana wa ekseli yako, halafu tutazungumza.