Kliniki ya homoni iliyonitibu upungufu wa kotisoli: tathmini ya mgonjwa wa miaka miwili

Nimehudhuria kliniki hii kwa miaka miwili nikiwa mgonjwa wa upungufu wa homoni za tezi adrenali, tezi mbili zilizo juu ya figo zinazotoa kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili maradhi na majeraha, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yule aliyetajiwa ugonjwa huo juzi tu na sasa anatafuta daktari wa kumtibu. Jina la kliniki sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko juu yake pamoja na sifa, na ninachotaka msomaji aondoke nacho ni namna ya kumpima daktari yeyote atakayemwendea.

Kabla ya kufika hapo nilihangaika kwa takriban mwaka mzima. Nilitibiwa vidonda vya tumbo kwa sababu ya kichefuchefu, nikapewa vidonge vya kuongeza damu kwa sababu ya uchovu, na daktari mmoja akanishauri nipunguze mawazo. Hakuna aliyeyaweka pamoja: uzito uliokuwa ukipungua bila sababu, kizunguzungu kila nilipoinuka kitini, na hamu ya chumvi iliyonifanya niamke usiku kuilamba kiganjani. Siwalaumu sana, kwani kila dalili ukiichukua peke yake inafanana na ya maradhi mengine kadhaa. Hata Thomas Addison, tabibu Mwingereza aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1855, aliutambua baada ya kuzikuta tezi zimeharibika katika maiti za wagonjwa waliokuwa wamedhoofika kwa namna moja.

Daktari bingwa wa kliniki hii alianza kwa kunipima shinikizo la damu nikiwa nimelala, kisha akanisimamisha na kulipima tena, nalo likawa limeshuka kwa kiasi cha kumfanya arudie kipimo. Halafu akaniambia nifungue viganja, akaimulika mistari yake kwa tochi ndogo, akaniangalia ufizi, na mwishoni akaomba kitambulisho changu. Nilidhani ni utaratibu wa mapokezi. Kumbe alitaka kuilinganisha picha ya zamani na uso wangu wa siku ile. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, alinieleza, weusi unaoongezeka haujitangazi, hivyo hutafutwa kwenye mikunjo ya viganja, ndani ya mdomo na kwenye makovu yaliyopatikana baada ya ugonjwa kuanza. Chanzo chake ni kwamba tezi adrenali zinaposhindwa kutoa kotisoli, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huzidisha homoni ya kuzihimiza, yaani ACTH, na wingi wa homoni hiyo huamsha pia chembe zinazoipa ngozi rangi. Pale ambapo pituitari yenyewe ndiyo yenye hitilafu, weusi huo hautokei.

Swali lake lililonishangaza zaidi lilihusu dawa. Alitaka kujua kama nimewahi kumeza prednisoloni kwa muda mrefu, kuchomwa sindano za viungo, kuvuta dawa za pumu au kupaka krimu za kung'arisha ngozi, kwa sababu steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, zinazoweza kuwamo humo zinaweza kuzilaza tezi, na mtu anayeziacha ghafla anaweza kujikuta hana kotisoli ya kutosha. Aliuliza pia kuhusu kifua kikuu, ambacho kinaweza kuziharibu tezi zenyewe. Kwangu ilionekana baadaye kwamba kinga ya mwili ndiyo iliyozishambulia. Ningemshauri mgonjwa yeyote ahesabu jambo hili: daktari asiyeuliza ulichomeza na ulichopaka bado hajaanza kuutafuta ugonjwa huu.

Upande wa vipimo, kliniki inastahili sifa na lawama kwa pamoja. Kotisoli hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyosogea, ndiyo maana damu ya kipimo cha kwanza huchukuliwa mnamo saa mbili asubuhi. Mapokezi, hata hivyo, walinipangia saa nane mchana. Muuguzi wa maabara ndiye aliyeligundua kosa hilo, akakataa kunitoa damu na kunirudisha nyumbani, na ingawa nilikasirika siku ile, leo ninamshukuru, kwa kuwa jibu la mchana lingetuchanganya sote. Kesho yake nilitolewa damu, nikachomwa mikrogramu 250 za ACTH ya kutengenezwa, kisha nikatolewa damu tena baada ya dakika 30 na baada ya dakika 60. Kotisoli yangu haikupanda. Sodiamu ilikuwa chini na potasiamu juu, ishara kwamba aldosteroni, homoni inayouzuia mwili usipoteze chumvi, nayo ilikuwa imepungua. Hapo ndipo kisa cha kiganja na chumvi kilipopata maelezo.

Tiba yenyewe ni kuurudishia mwili ulichokosa. Ninameza miligramu 20 za haidrokotisoni, inayochukua nafasi ya kotisoli, kwa siku, 10 ninapoamka, 5 adhuhuri na 5 alasiri, pamoja na mikrogramu 100 za fludrokotisoni, inayochukua nafasi ya aldosteroni, asubuhi. Kiwango cha mwingine kinaweza kutofautiana na changu, na daktari alikipanga kwa kuangalia uzito, shinikizo la damu na jinsi ninavyojisikia, bila kukifanya kikubwa kuliko inavyohitajika, kwani ziada inayoendelea kwa miaka hudhoofisha mifupa na kuleta maradhi mengine.

Jambo lililonifanya nibaki hapo, hata hivyo, ni saa moja ambayo muuguzi alikaa na mimi na mke wangu chumbani akitufundisha siku ya kuugua. Mwili wenye afya huongeza kotisoli wenyewe unapopata homa, jeraha au upasuaji. Wangu hauwezi, kwa hiyo ni lazima niiongeze mimi, mara mbili au tatu ya kawaida nikiwa na homa. Nikitapika kiasi kwamba vidonge havikai tumboni, ni sindano ya miligramu 100 za haidrokotisoni kwenye msuli wa paja, kisha hospitali bila kungoja. Tulifanya mazoezi kwa kuchoma sifongo. Mke wangu alitetemeka mara mbili za mwanzo, na muuguzi hakutuachia hadi alipochanganya dawa, akaivuta na kuidunga bila kusaidiwa. Tulitoka na kadi ya kuonyesha kwamba ninategemea steroidi, ambayo haitoki kwenye pochi yangu.

Malalamiko yangu ni mawili. Namba ya simu ya dharura waliyotupa haikupokelewa usiku nilipopata homa kali, na kama tusingekuwa tumefundishwa sijui tungefanya nini. Pili, cheti cha dawa hutolewa kwa mwezi mmoja tu, ilhali fludrokotisoni haipatikani katika kila duka la dawa, na mgonjwa wa maisha hapaswi kuhesabu vidonge vya mwisho akiomba miadi.

Kwa anayetafuta, nitaongeza kwamba si lazima aanze na bingwa wa homoni. Daktari wa magonjwa ya ndani aliye makini anaweza kuagiza kipimo cha asubuhi na kuanzisha dawa, na aliyeishiwa nguvu huku akitapika na shinikizo la damu limeshuka aende chumba cha dharura, si kliniki. Awakwepe wanaouza virutubisho vya kutibu kile wanachokiita uchovu wa adrenali, hali ambayo mabingwa wa homoni hawaitambui kuwa ugonjwa. Baadhi ya vidonge vya namna hiyo vimewahi kukutwa na homoni zisizoandikwa kwenye kifungashio.

Kama ni nyota, ninawapa nne kati ya tano, na hiyo moja wataipata siku simu itakapopokelewa. Mara ya mwisho muuguzi aliniomba nimwonyeshe sindano ninayotembea nayo, akaigeuza kutafuta tarehe, na kuniambia imebakiza wiki tatu kuisha muda wake. Mimi mwenyewe sikuwa nimeitazama tangu niliponunua.