Google Trends mikononi mwa mwandishi: kipimo cha wasomaji, si cha mapato

Mwandishi anayetegemea makala za mtandaoni kwa sehemu ya riziki yake hukabiliwa na swali lile lile kila anapokaa kuandika: niandike kuhusu nini ili nisomwe, na nikisomwa nilipwe? Google Trends, chombo cha Google kinachoonyesha jinsi neno linavyotafutwa na watu kwa nyakati mbalimbali, kilichoanza kutumika mwaka 2006 na ambacho hakitozi ada, ndicho kinachotajwa mara nyingi kuwa jibu. Nimekitumia kwa muda mrefu kuchagulia mada, na maoni yangu ni kwamba sehemu ya kwanza ya swali hilo kinaijibu vizuri, lakini ya pili hakiigusi kabisa, ingawa wapo wengi wanaokisoma kana kwamba kinaijibu.

Kukitumia ni rahisi. Unaandika neno, unachagua nchi na kipindi, kisha unaonyeshwa mstari unaopanda na kushuka kati ya 0 na 100. Data zake zinaanzia mwaka 2004, na unaweza kulinganisha hadi maneno matano kwa pamoja. Makosa huanzia kwenye ile 100, kwa sababu si idadi ya watu. Ni kilele cha neno hilo ndani ya mahali na kipindi ulichochagua, kikihesabiwa kama fungu la utafutaji wote uliofanyika wakati huo, na namba nyingine zote hupimwa kwa kulinganishwa nacho. Tafuta "Kombe la Dunia" peke yake, kilele chake kitakuwa 100. Tafuta "ufugaji wa nyuki" peke yake, kilele chake nacho kitakuwa 100. Yaweke maneno hayo mawili kwenye grafu moja na mstari wa nyuki utalala chini kabisa katika mwezi wa mashindano. Asiyelijua hili huona mlima palipo na kichuguu, akaandika makala kumi, kisha akashangaa wasomaji wamekwenda wapi.

Sifuri nayo ina hila yake, maana haisemi kwamba hakuna anayetafuta bali kwamba data ni chache mno kupimwa. Kwa anayeandika kwa Kiswahili jambo hili ni zito. Maneno mengi ya Kiswahili hurudisha grafu tupu, na ni rahisi kuamua papo hapo kwamba mada hiyo haina wasomaji. Tena chombo hiki hutofautisha neno na mada: ukichagua neno, unapimiwa maandishi yale yale uliyoyaandika, ukichagua mada, unapimiwa maneno yote yenye maana hiyo, hata ya lugha nyingine. Grafu ya mada huvutia zaidi kwa sababu imejaa, lakini wengi wa wanaoijaza huenda wanatafuta kwa Kiingereza au Kifaransa na hawatafika kwenye makala yako kamwe. Mimi huangalia zote mbili, na pengo lililo kati yake hunifundisha kuliko kila moja peke yake.

Pale kinapong'ara ni kwenye majira. Mstari wa Kombe la Dunia huinuka katikati ya mwaka 2006, 2010, 2014 na 2018, kisha mwaka 2022 kilele kinahamia Novemba na Desemba, kwa kuwa mashindano ya Qatar yalichezwa miezi hiyo. Mwandishi anayeona mwendo wa namna hiyo katika mada yake anaweza kuandaa makala wiki kadhaa kabla, badala ya kuanza kuandika siku ambayo kila mtu ameshaandika. Orodha ya maneno yanayopanda ghafla, kwa upande mwingine, naitumia kwa tahadhari. Neno lililopanda kwa zaidi ya asilimia 5,000 hupewa alama ya pekee, lakini neno lililokuwa karibu na sifuri halihitaji watu wengi kufika huko. Niliwahi kukimbilia jina la mtu aliyevuma kwa siku mbili. Wasomaji walikuja kwa kishindo, wakaondoka vivyo hivyo, na nilichopata hakikulipia hata muda wa kuandika.

Sababu ni kwamba malipo ya makala za namna hii hutokana na matangazo yanayowekwa ndani yake, na bei ya tangazo huamuliwa kwa mnada, na mtangazaji huweka dau kulingana na faida anayotarajia kwa mteja. Anayesoma kuhusu bima, mikopo, uwekezaji au wakili anaweza kuwa mteja wa miaka mingi. Anayesoma kuhusu harusi ya msanii anataka picha, akishaiona ameondoka. Hivyo udaku na michezo hujaza ukurasa kwa urahisi lakini hulipa kidogo kwa kila wasomaji elfu, ilhali fedha na sheria huweza kulipa vizuri zaidi kwa wasomaji wachache. Google Trends haionyeshi lolote kati ya haya. Keyword Planner, zana ya kuchagulia maneno ya matangazo iliyomo ndani ya Google Ads, huduma ya Google ya kuuza matangazo, angalau hukadiria dau la chini na la juu kwa kila neno. Nayo ina mitego yake: asiyelipia matangazo huonyeshwa makadirio mapana ya utafutaji wa mwezi, na safu ya ushindani inawahusu watangazaji, si waandishi wenzako.

Hata hivyo, kukimbilia bima kwa sababu tu madau yake ni makubwa ni njia fupi ya kujichosha. Mada za fedha na afya ndizo ambazo miongozo ya Google ya kupima ubora wa kurasa inazidai utaalamu na uaminifu wa juu kabisa, na tangu Desemba 2022 uzoefu wa mwandishi mwenyewe umeongezwa katika vigezo hivyo. (Wanaotoa ushauri wa dawa ambazo hawajawahi kuzisoma hata karatasi yake, siwaombei wasomaji.)

Kwa mwandishi wa michezo na burudani, ambaye faida yake inategemea kuwahi, ningekipa Google Trends alama nne kati ya tano. Kwa anayeandika kuhusu fedha, sheria au teknolojia ya biashara ningekipa mbili na nusu, na ningemshauri akifungue baada ya kutazama madau, ili kimsaidie kuchagua mwezi wa kuchapisha mada ambayo ameshaiamua.