Nyota Zinazookotwa Ufukweni: Malighafi za Animal Crossing: New Horizons

Habari zenu, wapendwa watazamaji. Leo tunaichambua Animal Crossing: New Horizons, gemu ya Nintendo Switch iliyotoka tarehe 20 Machi 2020. Uvuvi, samani na deni la nyumba tuviweke kando. Nataka tuzungumzie kuokota malighafi, maana ndiko gemu hii ilikoniteka.

Tuanze na nyota. Gemu hii inafuata saa na tarehe halisi za mashine yako. Kuanzia saa 1 usiku, mbingu ikiwa haina wingu, kuna siku utasikia mlio mwembamba kama wa kengele ndogo. Weka chini ulichoshika, kisha sukuma juu kile kijiti cha kulia cha pedi. Mhusika wako atainua uso angani. Kimondo kikipita, bonyeza A: anakutanisha viganja na kuomba. Hapo hapo hupati kitu! Nenda kalale. Kesho yake unashuka ufukweni, na vipande vya nyota vimetupwa na mawimbi, vinametameta mchangani katikati ya makombe. Ukiomba sana, unaweza kuokota hata 20. Mimi nimeshacheza gemu nyingi za kukusanya vitu, na nyingi zinakupa mali kwa kupiga jiwe au kukata mti. Hapa nayo mawe yapo, miti ipo, lakini hii ya kuomba leo na kuokota kesho imenigusa kweli.

Usiku huohuo mtafute Celeste, yule bundi mwekundu anayetembea kisiwani. Zungumza naye, atakupa maelekezo ya kutengeneza kitu cha nyota.

Sasa sikilizeni hili, ninyi wa Dar, Mombasa na Zanzibar. Mwanzoni gemu inauliza kisiwa chako kiwe kaskazini au kusini mwa dunia, na ukishachagua hakuna kubadilisha. Sisi tuko kusini mwa ikweta, nami nilichagua kusini. Kwa hiyo theluji ya kisiwani inaanguka Julai, wakati huku pwani ni kipupwe, na maua ya mcheri yanachanua tarehe 1 hadi 10 Oktoba. Petali zinapeperuka na upepo, unazinasa kwa wavu. Ukirusha wavu mapema petali inapita juu. Isubiri ishuke usawa wa kichwa.

Petali 3 na vipande vya nyota 3 vinakupa fimbo ya mcheri. Ukiipunga, unabadilisha nguo papo hapo. Ni kitu kidogo, lakini kila kipande chake unakumbuka ulikipata usiku gani.

Kasoro ipo, na inauma. Siku 10 ni chache mno kwa mtu mwenye kazi na watoto. Halafu maelekezo mengi ya mcheri yanakuja kwa maputo yanayopita angani, na puto linaweza kukuletea kitu ambacho hukihitaji kabisa. Msimu uliopita nilikuwa na petali tele, maelekezo ya fimbo sikuyapata. Wapo wanaosogeza saa ya mashine ili kuruka mwaka mzima. Siwalaumu, ila mimi sifanyi hivyo. Ukifanya, ule utamu wa kungoja unakwisha.

Anayetaka mapigano asinunue. Anayependa kutembea taratibu na kuokota, anunue bila wasiwasi. Mimi tarehe 1 Oktoba nitakuwa chini ya mcheri na wavu wangu, macho yakiwa kwenye maputo.